Mzabibu umekubali Dodoma, mzeituni umegoma: joto likipanda, mazao ya Mediterania yanahamia wapi?

Uingereza sasa ina zaidi ya hekta 4,000 za zabibu za mvinyo, nyingi zikiwa kusini-mashariki, kwenye maeneo kama Kent na Sussex. Mwaka 2015 Taittinger, kampuni kongwe ya shampeni kutoka Ufaransa, ilitangaza kununua ardhi Kent, na mwaka 2017 ikapanda miche yake ya kwanza huko. Habari za namna hii zikifika Dodoma huzua maswali mawili. La kwanza ni la biashara: Wazungu wa kaskazini wakianza kujitosheleza, mchuzi wetu wa zabibu, yaani mvinyo ghafi, atanunua nani? La pili lina matumaini zaidi: kama dunia inapata joto na mazao ya Mediterania yanatafuta makao mapya kwenye ubaridi, kwa nini yasije huku kwetu, kwenye milima ya Mpwapwa na Kondoa, au Njombe kabisa?

Swali la kwanza halitatuchelewesha. Waingereza wanatengeneza zaidi mvinyo wa mapovu wa bei kali, unaotaka zabibu zenye uchachu mwingi. Mkulima wa Hombolo hashindani na huyo. Anashindana na chupa za bei nafuu za kutoka nje zilizojaa madukani, na kichwa kinamuuma zaidi kwa mnunuzi anayechelewa kuja wakati vichala vimeshaanza kulegea shambani. Swali la pili ndilo lenye mafundo ya kufungua.

Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Watu wengi wakisikia Mediterania wanafikiria jua, na jua Dodoma lipo la kumwaga. Lakini sifa ya hali ya hewa ile ni mpangilio wa majira: mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi cha joto ndicho kikavu. Ndivyo ilivyo Uhispania ya kusini, Italia, Ugiriki na Tunisia, na ndivyo ilivyo pia California, katikati ya Chile, Rasi ya Magharibi ya Afrika Kusini na kona ya kusini-magharibi ya Australia. Mmea wa huko hulala kwenye baridi huku ardhi ikinywa maji, kisha huamka, hutoa maua, na kuivisha matunda juani bila kunyeshewa.

Dodoma ni kinyume chake. Tuko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei. Mvua yetu, ambayo kwa mwaka wa kawaida hucheza kwenye milimita 550 hadi 600, hunyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili, wakati wa joto. Ubaridi wa Juni na Julai, ule wa upepo unaopenya hadi mifupani asubuhi, huja ukiwa mkavu. Ukiweka kalenda mbili hizo ubavu kwa ubavu utaona hazilingani popote. Hata hivyo mzabibu upo hapa tangu wamisionari wa Kikatoliki walipoupanda Bihawana, na leo unawalisha watu kuanzia Mpunguzi na Mbabala hadi Chinangali na Mvumi. Lazima kuna mtu anayeudanganya.

Kabla ya kumtaja huyo mtu, turudi Uingereza, maana bila kuielewa Kent hatutaielewa Mpunguzi. Mmea wa Mediterania unadai mambo matatu: joto la kutosha kuivisha tunda, ubaridi wa kutosha kuulaza, na ubaridi huo usivuke kiasi ukauua. Uingereza ilikuwa na usingizi tele. Kilichopungua ni joto la kuivisha. Mzabibu huanza kukua kwa maana hasa joto likivuka nyuzi 10 za Selsiasi, na kila siku inayovuka hapo huuwekea akiba. Kusini mwa Uingereza akiba hiyo ilikuwa inafika Oktoba bila kutosha: zabibu chachu, sukari haba, baridi imesharudi. Dunia ilipopata joto, kwa zaidi ya nyuzi 1 ukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19, pengo lile likazibika kwa baadhi ya aina. Hakuna aliyevumbua zabibu mpya ya ajabu. Majira ya joto yalirefuka kidogo na kuchangamka kidogo, basi.

Mabadiliko hayo yameandikwa kwa karne nyingi, tena na wavunaji wenyewe. Mji wa Beaune, katika jimbo la Burgundy huko Ufaransa, una kumbukumbu za tarehe za mavuno ya zabibu tangu mwaka 1354. Watafiti walipoziunganisha hadi mwaka 2018 waliona kwamba kuanzia 1988 mavuno yamekuwa yakianza takriban siku 13 mapema kuliko wastani wa karne zote zilizotangulia. Ukiwa na karatasi za namna hiyo huhitaji kompyuta kubwa kuambiwa kwamba kuna kitu kimebadilika.

Ila joto jipya halikuja na adabu. Majira ya baridi yakiwa mepesi, mzabibu huamka mapema na kutoa machipukizi laini mwezi Machi, halafu usiku mmoja wa Aprili barafu inarudi na kuyababua. Ndicho kilichotokea Ufaransa Aprili 2021: wiki moja ya joto lisilo la kawaida, kisha baridi kali, na mashamba ya zabibu na matunda yakaungua kwa barafu karibu nchi nzima. Wakulima waliwasha mishumaa mikubwa na mioto kati ya mistari usiku kucha. Kwa hiyo hata kule kunakosemwa kwamba kumefaidika, faida imekuja na madeni.

Mzeituni nao una historia yake na baridi. Unavumilia ukame na mawe, lakini halijoto ikishuka kwenye nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri, matawi hufa, na ikizidi hapo hufa hadi shina. Februari 1956 baridi iliteketeza mizeituni ya Provence, kusini mwa Ufaransa. Januari 1985 ikawa zamu ya Toscana, Italia. Sasa wapo wanaojaribu mizeituni kaskazini zaidi kuliko zamani, na wastani wa joto unawapa moyo. Mimi ningekuwa wao nisingetazama wastani. Mti wa kukaa karne nzima huuawa na usiku mmoja.

Sasa turudi nyumbani, shambani Mpunguzi, mwezi Mei, mvua zimeshakatika. Mama mmoja ameshika mkasi wa kupogolea na anakwenda mstari kwa mstari. Mizabibu imejaa majani ya kijani yenye afya, na yeye anakata. Hapunguzi, anakata: tawi lililokuwa na urefu wa mtu linabaki kisiki cha kidole chenye macho (vichipukizi) mawili au matatu. Mengine yote yanaanguka chini. Nilimuuliza, "Mama, mbona unakata mpaka mazima?" Akajibu bila kuinua macho: "Mwanangu, mzabibu ukiuonea huruma utakulisha majani." Kwenye majeraha mapya matone ya maji yalikuwa yanachuruzika, ishara kwamba mizizi ilikuwa macho, inasukuma.

Huyo ndiye mdanganyaji wetu. Mkasi wake unafanya kazi ambayo Ulaya hufanywa na Desemba na Januari. Kwenye nchi ya baridi, baridi hupukutisha majani na mti hulala. Ukiamka, macho yote hufunguka kwa pamoja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza hivyo. Ukiachwa peke yake, mzabibu huku huendelea kurefusha ncha tu, macho ya chini yakisinzia na machache yakifunguka kwa zamu zao, na mkulima hana mavuno ya maana. Ukikata, zile ncha zilizokuwa zinayazuia macho ya chini zimeondoka, na mzizi uliojaa akiba unasukuma kila kitu kwenye macho machache yaliyobaki. Yanafunguka karibu pamoja. Vichala vinatoka kwa umri mmoja. Kama miezi minne baadaye unavuna.

Na kuna jambo ambalo huwashangaza hata wakulima wa siku nyingi: kichala utakachovuna Agosti hakikuumbwa Mei. Kiliumbwa ndani ya jicho kikiwa kidogo kuliko punje ya mtama, wakati tawi lile lilikuwa bado changa na linakula jua la msimu uliopita. Mkasi hauumbi matunda, unayafungulia tu. Ndiyo maana shamba lililofunikwa na majani yaliyosongamana, au lililokauka kwa kiu baada ya mavuno, hukulipa kwa vichala vichache msimu unaofuata, hata ukipogolea vizuri vipi na kumwaga samadi ya ng'ombe ya kutosha.

Kwa mkasi huo Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Agosti na Septemba hutokana na kupogolea baada ya masika; ya Februari na Machi hutokana na kupogolea mwishoni mwa kiangazi. Hayalingani ubora. Ya kiangazi huiva kwenye hewa kavu, usiku wa baridi, na hapo ndipo kwa bahati tu tunakaribia Mediterania: tunda linaiva bila mvua. Ya masika huiva katikati ya unyevunyevu, na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hugombania majani. Mkulima anapiga dawa, mvua inaosha, anapiga tena. Wabrazili wa bonde la mto São Francisco, walio karibu na ikweta kama sisi, wanafanya mchezo huohuo kwa ukubwa zaidi: kwa mkasi na kwa kufunga na kufungua maji ya kumwagilia, huwa na shamba moja linalochipua na la jirani linalovunwa wiki hiyohiyo.

Ndipo linapokuja swali la mzeituni. Kama mkasi unaweza kuchukua nafasi ya baridi kwa mzabibu, kwa nini usiweze kwa mzeituni? Kwa sababu miti hii miwili hutumia baridi kwa kazi tofauti. Mzabibu unaitaka hasa ili macho yaamke kwa pamoja, na hilo linaweza kulazimishwa. Mzeituni unaitaka ili jicho la ua lifunguke kuwa ua. Unahitaji majuma kadhaa ya usiku wa baridi hasa, wa nyuzi chini ya 7 hivi, na mchana wa uvuguvugu. Usipoipata, unanenepa, unapendeza, unatoa majani ya rangi ya fedha mwaka hadi mwaka, na hautoi ua. Ukiupogolea unakushukuru kwa majani mapya. Kuna aina zisizodai baridi nyingi, kama Arbequina ya Uhispania, lakini usiku wa Julai hapa Dodoma mjini kwa kawaida huishia kwenye nyuzi 13 au 14. Hiyo ni baridi ya sweta, siyo ya mzeituni.

Kwa hiyo ukikutana na muuza miche anayekuonyesha mzeituni mzuri wa mita mbili uliostawi kwenye ua wa mtu hapa mjini, amekuonyesha kitu cha kweli ambacho hakithibitishi chochote. Muulize mti mama uko wapi, uko kwenye mwinuko gani, na umezaa misimu mingapi. Kama anataka kukuuzia mti wa kivuli na urembo, bei ndiyo mazungumzo yenu. Kama anakuuzia mafuta ya miaka ijayo, akuonyeshe tunda.

Basi tupande mlimani? Hesabu ya awali inavutia. Kila mita 100 unazopanda, halijoto hushuka kwa takriban nyuzi 0.65. Ulaya mtu akitaka ubaridi wa nyuzi 1 zaidi anaweza kwenda kaskazini kama kilomita 150. Sisi tukienda kaskazini tunaisogelea ikweta. Ngazi yetu ni mlima tu. Njombe, iliyo karibu na mita 2,000, ina usiku wa Juni na Julai unaouma kweli, na kuelekea Makete na Kitulo barafu ya asubuhi si jambo geni. Tufaha linalimwa huko, hasa aina zisizodai baridi nyingi kama Anna, iliyozalishwa Israeli. Mzeituni ungeweza kupata baridi yake kule juu, sikatai. Ila baada ya kutoa ua ungekutana na masika marefu, ukungu, na udongo wenye tindikali, wakati wenyewe huzoea udongo wa chokaa usiotuamisha maji. Ukiutatulia baridi umeuletea matatizo matatu mengine. Ndugu yake wa porini, mzeituni wa Kiafrika, huota wenyewe kwenye misitu mikavu ya milima ya Afrika Mashariki, lakini tunda lake ni dogo, lina kokwa kubwa na nyama kiduchu, si la kukamulia mafuta.

Na hapa ndipo mambo yanapogeuka kinyume na habari ya Kent. Mwingereza alikuwa na baridi ya ziada na upungufu wa joto. Dunia ikipata joto, anaongezewa alichokosa. Sisi joto tunalo la ziada, kilicho haba ni baridi. Dunia ikipata joto, tunanyang'anywa hicho kidogo. Hali ni ileile moja, lakini mmoja inamjazia ghala na mwingine inalitoboa. Anayepanda leo Njombe mti unaotegemea usiku wa baridi, na anategemea auvune kwa miaka 50, anaweka akiba kwenye kitu kinachopungua kila muongo. Tena kadiri unavyopanda mlima ndivyo ardhi inavyokwisha: vileleni kuna misitu na vyanzo vya maji ambavyo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayevifyeka ili apande zeituni.

Mzabibu wa Dodoma nao haujanusurika. Usiku ukizidi kuwa na joto, tunda huchoma uchachu wake haraka huku sukari ikipanda, na ngozi ya zabibu nyekundu hupauka. Mchuzi unatoka mtamu, mzito wa kilevi, na bapa kinywani. Siku inayopita nyuzi 35 haimsaidii tena mkulima. Majani hufunga vinyweleo vyake na kazi ya kutengeneza chakula hulala. Habari njema ni kwamba hapa anayepanga kalenda ni mkasi, na mkasi una mwenyewe. Mfaransa hawezi kuusogeza mwezi Januari. Mkulima wa Mbabala anaweza kuchelewesha kupogolea kwa wiki mbili ili kuiva kuangukie kwenye usiku wa baridi zaidi. Anaweza kuacha majani upande wa jua la alasiri yavike vichala kivuli, na kuacha wazi upande wa asubuhi. Anaweza kutandaza nyasi chini. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuwa kikishughulika na aina zinazofaa huku kwa miaka mingi, na zile zinazobeba jina lake, Makutupora nyekundu na nyeupe, ndizo zilizojaa mashambani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji. Mavuno bora ni ya kiangazi, maana yake ni ya kumwagilia, na huko Makutupora ndiko viliko pia visima vinavyonywesha jiji linalokua kwa kasi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya visima hivyo. Waliona kwamba mvua ya kawaida haijazi kitu. Maji ya ardhini hupanda kwenye misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mingi ikiwa ya El Niño, kama ile ya 1997 na 1998. Katikati ya hapo kina hushuka mwaka baada ya mwaka. Mvua inayovunja madaraja na kutujazia matope barabarani ndiyo inayojaza kisima. Dunia yenye joto inatarajiwa kuongeza mvua za namna hiyo, ila hakuna mkulima anayeweza kupanga msimu kwa kusubiri mafuriko. Matone ya bomba, kama yanavyotumika kwenye skimu ya Chinangali, yanasaidia kugawa kilichopo; hayaongezi kilichopo. Uhispania, bingwa wa dunia wa mafuta ya zeituni, ilivuna msimu wa 2022/23 karibu nusu ya kawaida yake kwa ukame na joto lililopiga maua, pamoja na teknolojia yake yote ya umwagiliaji.

Kama mtu anataka kitu cha Mediterania cha kujaribu kwenye ekari yake ya Chamwino au Bahi, miti mingine miwili tunayoisikia kanisani na msikitini ina masharti nafuu kuliko mzeituni. Mtini hauhitaji baridi ya maana. Unazaa Dodoma na unavumilia kiu ukishashika mizizi. Angalia tu aina: nyingi hujizalia zenyewe, lakini zile za ukoo wa Smyrna zinamtegemea mdudu mdogo, nyigu wa tini, kuchavusha, na asipokuwepo matunda hudondoka yakiwa machanga. Mkomamanga nao unastahimili joto, udongo mbovu, na hata maji yenye chumvi kidogo, jambo la maana kwa mwenye kisima cha aina zetu. Tatizo lake ni umwagiliaji wa kubahatisha. Ukiuachia kiu wiki tatu kisha ukaumiminia maji kwa mkupuo, komamanga hupasuka likiwa bado juu ya mti wake, na lililopasuka halifiki sokoni Majengo. Maji kidogo kila baada ya siku chache, kwa vipimo vilevile mpaka tunda lifunge rangi.